Kusimamishwa na Kuendelezwa kwa Matini: Tahakiki Fupi ya "Vocabulaire" ya Elisabethville

Makala haya yanadhamiria kuitazama upya matini mashuhuri ya Lubumbashi kwa kuazima dhana moja ya fani ya kompyuta, yaani kuihifadhi hali ya programu ingali inaendeshwa ili iendelezwe baadaye kuanzia pale ilipoachia.

Dhana hiyo mara nyingi huchanganywa na kuhifadhi programu yenyewe. Programu iliyomo diskini ni mfululizo wa amri tu. Inapoendeshwa huwa na mengi zaidi: thamani zilizomo katika kumbukumbu, yaliyomo katika rejesta za prosesa, alama ya amri inayofuata, na mafaili iliyoyafungua. Anayetaka kuisimamisha leo na kuiendeleza kesho hana budi kuyanakili hayo yote. Hata hivyo nakala hiyo haijitoshelezi. Ikirejeshwa katika mashine yenye prosesa ya aina nyingine, au mahali ambapo mafaili yamekwisha kuhamishwa, haitaendelea.

Ndivyo ilivyo "Vocabulaire de ville de Elisabethville", historia ya mji iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani, mwaka mmoja kabla ya mji huo kuitwa Lubumbashi. Mipaka ya maneno haifuati kanuni moja, alama za vituo hazimsaidii sana msomaji, na Kifaransa huingia pale ambapo mazungumzo ya mjini yangekiingiza. Msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu hukwama mapema (nami nilikwama). Wapo watakaouita huu uandishi mbovu. Kwa maoni yetu, hao wanailaumu nakala ilhali tatizo limo katika mashine waliyoitilia.

Johannes Fabian, aliyeichapisha matini hii mwaka 1990 katika "History from Below", alilitambua jambo hilo. Hakuanza kwa kusahihisha tahajia. Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili cha huko, aliisoma kwa sauti, na usomaji wake ukanukuliwa. Pumzi na kiimbo, ambavyo mwandishi hakuviandika kwa kuwa wasomaji wake walikuwa navyo tayari, vilirudi kwa njia hiyo. Kwetu sisi, usomaji huo ndio mchango mkubwa kuliko yote katika kitabu, kuliko hata tafsiri ya Kiingereza.

Lakini manukuu hayo ni zao la kuendeshwa mara moja tu. Msomaji mwingine, tuseme wa Lukafu, angeweza kupumua penginepo, na sentensi ikabadilika: nani aliyeamuru na nani aliyeamriwa, suala lisilo dogo katika matini ya watumishi. Fabian alitoa pia nakala ya kurasa asilia, ili asomaye aweze kumsahihisha. Kwa hilo anastahili heshima. Kosa ni letu tunaoyakimbilia manukuu kwa wepesi wake, na kuwaacha wanafunzi wayanukuu kana kwamba ndiyo "Vocabulaire" yenyewe.

Tunapendekeza kurasa asilia zisomwe tena kwa sauti na wakazi wa mitaa mbalimbali ya Lubumbashi, wake kwa waume, na kila usomaji urekodiwe kabla ya kulinganishwa na ule wa Kalundi Mango. Wazee watangulie. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1965 sasa amekwisha kufikia 80.