Dhana ya Kabila na Udhaifu wa Hojaji: Mfano wa Sio Port

Durkheim, katika kitabu chake cha 1897 kuhusu kujiua, alipima mshikamano wa jamii, jambo lisiloonekana, kwa hesabu za vifo. Njia hiyo ina nguvu, ila humtegemea karani aliyeviandika vifo hivyo. Udhaifu uo huo umo katika hojaji zinazouliza, "Kabila lako?" Huko Sio Port, ufukoni mwa Ziwa Victoria katika Busia ya Kenya, mvuvi mmoja aweza kujiita Msamia, Mluhya au Mkenya, na kila jibu likawa kweli. Jina Luhya lilienea kama jina la umoja katika miaka ya 1930 na 1940. Nao Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, kwani upande wa Kenya ulikuwa sehemu ya Uganda hadi 1902. Mtafiti anayejaza kisanduku kimoja amehesabu neno, hakupima dhana. (Neno lenyewe, kabila, lilitoka Kiarabu.) Afadhali aulize mhojiwa huoa wapi, huzika wapi, na hutumia lugha gani anapouza samaki au anapogombana. Majibu hayo huenda yakapingana. Wachambuzi wengi huufuta mgongano huo wakidhani ni kosa la uwandani, ilhali ndio ushahidi walioufuata huko.