UHAKIKI: Bwana Msa ana lipi la kutuambia sie wa Mbulu na Hanang?

Hadithi nyingi zinazopita mkono kwa mkono kati ya waandishi chipukizi wa huku kwetu, kuanzia Dongobesh hadi Katesh, zina bastola. Kuna jasusi, kuna gari la kifahari, kuna mrembo wa Dar es Salaam anayegeuka kuwa adui. Muulize mwandishi kama amewahi kuishika hiyo bastola, atacheka tu. Ndugu zangu, kabla hatujaua mtu mwingine kwenye karatasi, hebu tumrudie mzee aliyejenga riwaya ya upelelezi kwa kiko na maswali: Muhammed Said Abdulla.

Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alimaliza sekondari mwaka 1938, akaajiriwa idara ya afya kuwa mkaguzi. Baadaye akaingia magazetini: alihariri Zanzibari, kisha akawa mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Tangu 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alihariri Mkulima, gazeti la kilimo. Alifariki mwaka 1991.

Sie tulioishia sekondari tuyasome maisha hayo taratibu. Mkaguzi wa afya huingia nyumba za watu akaona ua na jiko. Mwandishi wa kilimo hujua shamba hili la nani na lile lina ugomvi gani. Mimi naona riwaya zake zimetoka humo humo kazini.

Mzimu wa Watu wa Kale ilishika nafasi ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la 1957-58, ikachapwa 1960. Bwana Ali anakutwa amekufa mahali panapoogopwa kuwa pa mizimu. Watu wana jibu tayari: si mzimu huo! Bwana Msa, pamoja na rafiki yake Najum, halikubali jibu la rahisi. Anauliza nani ni ndugu wa nani, na nani anafaidi. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyingine, mpaka Kosa la Bwana Msa (1984).

Wapo wanaosema kamwiga Sherlock Holmes. Ni kweli, kiko kipo, na rafiki wa kushangaa yupo. Lakini hofu ni ya Unguja, koo ni za Unguja, na mali inayogombewa ni ya Unguja. Kuiga umbo si dhambi. Tatizo ni kuazima hata maiti.

Sasa tuje kwetu. Wairaqw husema kwenye chemchemi wanakaa netlaamee, pepo wa maji. Maiti ikikutwa pale alfajiri, kijiji kizima kitakuwa na jibu kabla polisi hawajafika. Hiyo ni riwaya tayari, na haina bastola hata moja!

Kasoro anazo. Bwana Msa anapenda kuhutubia. Siri ikifumbuka, anaieleza mpaka msomaji anapiga miayo. Halafu dunia yake ni ya wenye mali zaidi. Yule anayechuma karafuu haonekani sawasawa. Ukitaka kumwona, msome Shafi Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), ambako mtumishi na mkulima wanasimama katikati ya hadithi na Mapinduzi ya 1964 yanabisha hodi.

Hapo ndipo kwenye nafasi yetu. Hanang tuna fumbo la shamba kubwa kuliko yote ya Bwana Msa. Nyanda za Basotu, malisho ya Wabarabaig, ziligeuzwa mashamba ya ngano ya NAFCO kwa msaada wa Kanada. Wanakijiji wa Mulbadaw walilishtaki shirika, wakashinda Mahakama Kuu, kisha wakashindwa Mahakama ya Rufaa mwaka 1985. Makaburi ya wazee yalikuwa humo. Nani alijua? Nani alifaidi? Nani alinyamaza? Maswali ya Bwana Msa hayo hayo, ila safari hii aulize na mchunga ng'ombe.

Mwenzangu mmoja ataniambia: "Kiswahili chetu ni cha shule, nyumbani tunaongea Kiiraqw au Kidatooga." Na Makunduchi je? Kule kuna Kikae, lahaja iliyo mbali kabisa na Kiswahili cha mjini. Mtu wa huko huko ndo aliyetufungulia mlango wa riwaya ya upelelezi. Kiswahili cha kujifunza hakijamzuia mtu kuandika. Kinachozuia ni kuona aibu kuandika mambo ya kwenu.

Basi bastola zirudi Dar es Salaam. Anayeijua chemchemi yake, anayejua mpaka wa shamba la babu yake uliishia wapi, alete mswada. Tutausoma kwa jicho kali, maana ndivyo tunavyosaidiana.