Volti Tano Zilizopotea

Umeme ulikatika jioni, ukarudi baada ya robo saa, na kompyuta ya mezani ya familia moja ya Tabata, Dar es Salaam, haikuwaka tena. Kila kitufe kilipobonyezwa, feni ilicheza kidogo ikatulia. Fundi wa kwanza alifungua, akatazama, akasema mazabodi imekufa, inunuliwe nyingine.

Haikuwa imekufa.

Fundi wa pili alijaribu soketi ya ukutani kwa chaja ya simu, akabadili waya wa umeme, kisha akachomoa kila kisichohitajika: diski, kadi, vifaa vyote vya USB. Ramu aliitoa, akaisugua meno kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Hali ikabaki ile ile. Wengi wakifika hapa huanza kununua vipuri kwa kubahatisha, na ndipo fedha za watu zinapoteketea.

Yeye akaigeukia pawasaplai. Kwenye plagi yake kubwa yenye pini 24 kuna waya wa kijani. Ukiunganishwa na mweusi, pawasaplai huwaka hata bila mazabodi. Akaziunganisha; ikawaka, feni ikazunguka vizuri. Kipimo hiki kimepotosha mafundi wengi, kwa sababu feni ikizunguka tumejua tu kwamba njia ya volti 12 inafanya kazi.

Kuna waya wa zambarau. Huu hubeba volti 5 muda wote plagi ikiwa ukutani, hata kompyuta ikiwa imezimwa, na ndizo zinazoiweka mazabodi macho ikisubiri kitufe. Zinatakiwa ziwe kati ya 4.75 na 5.25. Fundi akairudisha plagi ya pini 24 kwenye mazabodi, akapenyeza ncha ya mita nyuma yake: 4.9. Safi kabisa. Lakini hakuitoa mita. Akamwambia mtoto wa nyumba, "Bonyeza, mwanangu," macho yakiwa kwenye namba. 4.9, 4.1, 3.3. Feni ikashtuka, ikazima.

Hapo ndipo ustadi wake ulipoonekana: alipima mzigo ukiwa mgongoni. Sehemu ya pawasaplai inayolisha waya wa zambarau haipumziki usiku wala mchana, na joto hukausha kapasita zake taratibu kwa miaka. Kapasita iliyokauka hufanya kazi vibaya zaidi ikiwa imepoa. Robo saa ya giza ilitosha kuufichua ugonjwa wa siku nyingi.

Mtu asifungue pawasaplai nyumbani. Kapasita yake kubwa huhifadhi zaidi ya volti 300, na chaji hiyo inaweza kubaki hata plagi ikishachomolewa. Asiye fundi anunue pawasaplai nzima. Fundi huyu alisubiri, akapima hadi chaji ilipokwisha, ndipo akaitafuta kapasita ndogo iliyovimba kichwa. Akalehemu nyingine yenye mikrofaradi zile zile, volti zisizopungua, ya kuhimili nyuzi 105.

Kitufe kikabonyezwa tena. Waya wa zambarau ulisoma 5.04 na haukutikisika; mlio mmoja mfupi, na skrini ikaomba iwekewe tarehe.