Ua dume la mgomba: mlango wa mnyauko, chanzo cha TARIBAN

Mla matoke wa Muleba anaweza kuzeeka bila kuiona mbegu ya ndizi hata moja. Ukiipasua ndizi mbivu kwa urefu, katikati utakuta vidoa vyeusi vidogo. Hizo ni ovuli zilizokatika ukuaji. Na bado mgomba huo huo ndio wenye ua kubwa kuliko zao jingine lolote kibanjani. Katika ua hilo kumefanyika kazi mbili zinazokinzana: mkulima kulivunja ili kuuokoa mkungu, na mtafiti kulichavusha ili kupata mbegu. Zote mbili zinaeleweka tu ukijua sehemu za ua hilo.

Tuanze juu ya mkungu. Gamba la zambarau linapoinuka, chini yake kuna safu ya maua jike. Kila ua lina ovari ndefu chini ya petali, na stigma nene inayonata. Stameni zake zimedumaa. Ovari hiyo ndiyo ndizi yenyewe, na safu nzima ndiyo chane. Baada ya chane kadhaa mgomba unabadili kazi. Maua yanayofuata yana stameni, ovari zake ni ndogo mno, na hayatoi ndizi. Hayo ni maua dume. Huanguka pamoja na magamba yake, yakiacha kikonyo chenye makovu mabichi, na mwishoni linaning'inia lile fumba la zambarau ambalo mabwana shamba huliita ua dume.

Kwa matoke, maua dume hayana la kufanya. Migomba hii ina kromosomu 33, yaani seti tatu za 11, na tatu hazigawanyiki sawa kwa mbili, kwa hiyo chavua na ovuli nyingi hutoka na kasoro. Ovari hujaa nyama bila kuchavushwa. Migomba mwitu ya Asia ina kromosomu 22, huchavushwa na popo na chozi, na ndizi zake zimejaa mbegu ngumu kama kokoto. Sisi tumezoea kupanda machipukizi, ndiyo maana enyoya, aina mojawapo ya matoke, ya leo ni enyoya ile ile ya babu, kwa mazuri yake na kwa udhaifu wake.

Lakini mgomba haukupewa taarifa kwamba hauzai mbegu. Unaendelea kutoa nekta, na nyuki wanaendelea kuja.

Hapo ndipo ugonjwa wa mnyauko ulipopenya. Bakteria wake, Xanthomonas, alielezwa Ethiopia mwaka 1968 kwenye enseti, ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 alionekana Uganda, na mwaka 2006 Kagera, Muleba ikiwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuguswa. Nyuki akitua kwenye ua la mgomba mgonjwa hunasa utomvu wenye bakteria, kisha huruka hadi mgomba mzima na kukanyaga kovu ambapo gamba limetoka kuanguka. Kovu hilo bichi ni jeraha wazi. Bakteria hupanda kupitia kikonyo: fumba linasinyaa, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina madoa ya kahawia, na ukilikata shina linatoa usaha wa njano. Mwisho shina zima hunyauka.

Kainja, ndizi ya pombe, iliumia sana kwa njia hii kwa sababu magamba na maua yake huanguka upesi na kuacha makovu mengi. Aina ambazo maua yake hung'ang'ania kikonyo huepuka maambukizi ya wadudu, ingawa panga chafu haliziachi. Mwinuko nao una neno: kuanzia mita 1,700 hivi kwenda juu maambukizi ya wadudu hupungua sana. Ziwa Victoria liko mita 1,134, na vibanja vingi vya Bukoba na Muleba viko chini ya kiwango hicho. Huku kwetu nyuki wana uwanja mpana.

Dawa ya kunyunyizia haikuwapo, wala haipo. Kilichofanyika ni kuufunga mlango. Chane ya mwisho ikishajitokeza, mkulima huchukua mti wenye panda, hukibana kikonyo juu ya fumba, huzungusha, na ua dume linadondoka. Kinachoudhi ni kuona mtu akifanya hivyo kwa panga. Chuma huhamisha utomvu kutoka shina hadi shina, na kwa siku moja kinaweza kuambukiza zaidi ya nyuki. Ukiwahi kuvunja mno unapoteza chane; ukichelewa, makovu yameshafunguka. Na mkulima mmoja asiyevunja anatosha kuwalisha nyuki wa jirani zake wote.

Watafiti walikwenda kinyume. Baadhi ya matoke bado yana ovuli chache zenye uhai. Watafiti wa taasisi za NARO ya Uganda na IITA waliyafunika maua jike kabla hayajafunguka, wakachukua chavua ya mgomba mwitu uitwao Calcutta 4, na kuisugua kwenye stigma asubuhi, chane baada ya chane kadiri zilivyofunguka. Mkungu ulipoiva, ulipondwa kutafutwa mbegu, na kiinitete kikatolewa na kukuzwa maabara kwa sababu mbegu hizo huota kwa shida udongoni. Watoto wake walichavushwa tena na migomba mingine yenye seti mbili za kromosomu, wakapatikana wajukuu wasio na mbegu waitwao NARITA. Sehemu yao ilijaribiwa kituo cha utafiti cha TARI Maruku, Bukoba, na mwaka 2021 Tanzania ikaidhinisha aina nne: TARIBAN 1 hadi TARIBAN 4.

Ni kazi ya kupigiwa makofi, ila wapo wanaoiuza kupita uwezo wake. Aina hizi zilichaguliwa kwanza kwa mavuno na kwa kustahimili sigatoka nyeusi inayokausha majani. Hazikuundwa kwa ajili ya mnyauko. Kwa hiyo ukipanda TARIBAN, kachonge na mti wa panda, na jirani yako mpatie wa kwake.