Kilio kisile mali ya yatima

Hapa kwetu Luvungi, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira, maziko ya Mwislamu yenyewe hayaombi makuta mengi. Maiti anaoshwa, anavishwa sanda, anasaliwa kwa takbira 4 bila rukuu wala sijida, analazwa kwa ubavu wa kuume, uso Kibla. Tajiri na maskini, ni vile vile.

Shida inaanza watu wakitoka makaburini. Wengine wanakaa kilioni wakingoja wali na nyama, na siku ya 40 wanarudi tena. Mbuzi huyo anatoka wapi? Kwa mjane aliye edani miezi 4 na siku 10, na kwa mayatima. Lakini mali ya marehemu inalipa kwanza maziko, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi wagawane. Karamu haimo.

Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muuta, mwaka 629, Mtume aliagiza watu wapikie jamaa zake. Sisi tumegeuza: wafiwa ndio wanatupikia! Kusoma hitima si lazima kuue mbuzi. Tuende kilioni na sufuria iliyojaa, si na tumbo tupu.