Heko kwa Wamennonite wa Shirati

Sisi tukaao Kasindi, mashariki mwa Kongo, ambao kila asubuhi huwaona watu wakivuka kwenda Mpondwe, upande wa Uganda, na kurudi na mizigo yao, twafahamu ya kuwa mpaka wa serikali haukati undugu. Na kwa sababu hiyo yatupasa kuwapa heko Wamennonite wa Shirati, huko Mara, kandokando ya Ziwa Victoria, nchini Tanzania.

Mwaka 1934 Elam Stauffer na wenziwe, waliotoka Marekani, walianzisha kituo hapo miongoni mwa Wajaluo, wakiwa watu wa madhehebu ambayo tangu karne ya 16 huko Ulaya yamewakataza waumini wake kushika upanga hata kwa kujihami. Walakini sifa si za wageni peke yao. Uamsho wa kiroho wa mwaka 1942 uliwafanya Waafrika na Wazungu waungamiane dhambi hadharani, kiburi cha rangi kikapata pigo. Hospitali yao ikawapokea hata wenye ukoma. Na waumini wenyeji wakaieneza Injili ng'ambo ya mpaka, hata Nyanza ya Kusini nchini Kenya. Mwaka 1967 Zedekia Kisare akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa la Wamennonite nchini Tanzania.

Basi kwetu Beni na Butembo, ambako vita vimewahamisha wengi makwao, jamaa ya waumini iliyohubiri amani, ikauguza wanyonge, na kukabidhi madaraka kwa wenyeji, haistahili shukrani ya mdomo tu, bali yastahili kuigwa.