Ulaini Uko Ubavuni: Kuchagua Matairi ya Gari Dogo

Gari likigonga tuta, cha kwanza kupokea pigo si springi wala shokapu. Ni hewa iliyofungiwa ndani ya tairi, pamoja na ubavu wa mpira na nyuzi unaoizuia isitoke. Ndiyo maana Premio mbili za mwaka mmoja, injini moja, viti vya aina moja, zinaweza kupita mtaa ule ule, moja abiria akasinzia na nyingine akashuka amechoka. Wenye magari wengi wanaotafuta utulivu huanzia kwenye shokapu na bushi. Si vibaya, maana shokapu iliyokufa haiokolewi na tairi lolote. Lakini shokapu zikiwa nzima na safari bado ni ngumu, jibu mara nyingi limeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa namba na herufi ambazo wachache wamewahi kufundishwa kuzisoma.

Kabla ya kwenda dukani, jiulize kinachokukera ni kipi hasa. Kuna kishindo, lile pigo kavu gari linapoingia kwenye kishimo au kupanda ukingo wa daraja. Kuna mtetemo, usukani au kiti kikitikisika mwendo ukifika 80 au 100. Na kuna mvumo, ile sauti nzito isiyokatika inayokufanya upandishe redio, hasa kwenye lami ya kokoto zilizojitokeza. Muuzaji atakwambia tairi lake ni laini bila kukuuliza unasumbuliwa na lipi, na hapo ndipo fedha zinapopotea. Kishindo ni habari ya urefu na ujenzi wa ubavu. Mtetemo mara nyingi ni balansi na namna tairi lilivyofungwa. Mvumo unatokana na mchoro wa kashata, yaani ule uso wa tairi unaokanyaga lami, na umri wa mpira.

Tuanze na ubavu, maana hapo ndipo penye utajiri. Chukua saizi iliyozoeleka, 195/65R15. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo: asilimia 65 ya 195 ni karibu milimita 127. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Sasa linganisha na 205/55R16, ambalo ubavu wake ni milimita 113, na 225/45R17, lenye ubavu wa milimita 101. Kwa kimo matairi haya matatu hayapishani hata milimita 3, kwa hiyo spidomita haitadanganya. Ila umbali kati ya rimu na barabara umepungua kwa zaidi ya sentimita mbili na nusu kutoka la kwanza hadi la tatu. Hizo sentimita ndizo zilizokuwa zinameza mashimo. Aliyebadilisha rimu za 15 akaweka rimu za spoti za 17, kisha akalalamika kwamba gari limekuwa gumu, amejibiwa na hesabu.

Ushauri wangu hapa hauna kona: ukitaka safari laini, rudi kwenye rimu ndogo kuliko zote ambazo kiwanda kiliruhusu kwa gari lako. Soma stika iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi yaliyotoka Japani yana maandishi ya Kijapani hapo, lakini saizi za matairi na namba za upepo ni zile zile unazozijua. Ikiwa stika inataja saizi mbili, yenye ubavu mrefu ndiyo yako, mradi rimu yake haigusi breki. Uzuri wa rimu pana nauelewa, na gari huonekana limesimama vizuri zaidi. Lakini barabara zetu za mitaani hazikutengenezwa kwa ubavu wa milimita 90.

Urefu peke yake hautoshi. Mwaka 1946 Michelin walisajili hataza ya tairi la radiali, na mwaka 1949 wakaliingiza sokoni kwa jina la Michelin X. Nyuzi za tairi hilo zinakatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na chini ya kashata kuna mikanda ya chuma. Kwa hiyo ubavu unaweza kujikunja bila kuuvuruga uso unaokanyaga lami. Karibu kila tairi la gari dogo leo limejengwa hivyo, na ile herufi R katikati ya saizi ndiyo inayolitambulisha. Tofauti iliyobaki ni idadi ya tabaka. Inama usome maandishi madogo yenye neno PLIES: yatakwambia ubavu una tabaka moja ya poliesta au mbili. Kwa saizi moja na matumizi yale yale, tabaka moja kwa kawaida hujikunja kwa urahisi zaidi, na mbili huvumilia zaidi mawe na kingo za barabara. Anayeishi mwisho wa barabara ya vumbi yenye mawe makali ana haki ya kuchagua mbili na kupoteza ulaini kidogo. Anayekwenda kazini kwa lami asilipie ugumu asiouhitaji.

Jihadhari na sifa ya "tairi gumu, halipasuki". Mara nyingi tairi hilo ni la gari la mizigo. Hiace hutumia 195/80R15 yenye alama 107/105, na hizo namba mbili zenye mkwaju katikati ni ushahidi tosha kwamba limejengwa kubeba shehena. Namba 107 maana yake ni kilo 975 kwa tairi moja. Gari dogo linalotumia 195/65R15 mara nyingi huhitaji 91, yaani kilo 615. Ukilifunga tairi la mizigo kwenye gari lenye watu wawili na begi moja, ubavu wake hautapata kazi ya kuutosha ujikunje, na kila kishimo kitafika kiunoni. Maneno EXTRA LOAD au XL nayo yanaashiria tairi lililoimarishwa. Lichukue tu kama kiwanda kilitaka hivyo. Herufi ya mwendo ina mchango pia: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, na kadiri inavyopanda ndivyo ujenzi unavyokazwa ili tairi lisitanuke mwendo ukiwa mkali. Usishuke kamwe chini ya namba ya mzigo na herufi ya mwendo zilizowekwa na kiwanda. Lakini kupanda juu yake bila sababu ni kununua ugumu.

Kuna ulaini wa uongo, na mjuzi anaujua. Tairi lililo laini kupita kiasi hupokea tuta vizuri, kisha gari likaendelea kuyumba. Ukikata kona linachelewa kufuata usukani, na abiria wa nyuma anaanza kuhisi kichefuchefu. Tairi bora hupokea pigo na kulimaliza papo hapo. Unapopanda gari la mtu ili ujaribu matairi yake, usisikilize pigo tu, sikiliza kinachofuata. Likisikika pigo moja la chini kisha kimya, hilo ni tairi la kulitafuta.

Mfano mzuri wa ulaini huo wa uongo huja na magari yenyewe kutoka Japani. Baadhi hushuka bandarini yakiwa yamevaa matairi ya msimu wa theluji, yameandikwa STUDLESS ubavuni, na kashata zake zimechanwa kwa mistari mingi myembamba. Mpira wake umetengenezwa ubaki mwororo kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Dar es Salaam au Mombasa saa nane mchana mpira huo huregea, huisha upesi, na kwenye kona au breki ya ghafla hautulii. Mwenye gari hufurahia ulaini wake wiki za kwanza. Mimi ningeyavua hata kama yanaonekana mapya.

Kuhusu mvumo, tazama kashata. Vitofali vyake vikiwa vikubwa, vimeachana sana na vyote vya kipimo kimoja, vitapiga lami kwa mdundo mmoja na sauti itakuwa kali. Watengenezaji makini huvipa vitofali urefu tofauti kuzunguka tairi, ili sauti zisigongane kwenye noti moja. Unaweza kuliona hilo kwa macho: zungusha tairi taratibu utazame vitofali vikirefuka na kufupika. Mistari mirefu ya mpira isiyokatika katikati ya kashata nayo hutuliza. Usichanganyikiwe na lebo ya Ulaya inayotaja desibeli. Kipimo kile huchukuliwa kando ya barabara, gari likipita kwa kilomita 80 kwa saa injini imezimwa. Kinawahusu majirani kuliko wewe uliye ndani. Continental, Michelin na Dunlop wanayo pia matairi yenye sponji iliyogundishwa ndani ili kumeza mwangwi wa hewa. Ni mazuri kweli, ila kabla ya kuyanunua hakikisha fundi wako wa pancha anajua kuibandua sponji sehemu ya tundu na kuziba kutoka ndani.

Umri ni jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita. Tafuta neno DOT, kisha tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zisipoonekana upande mmoja, tazama upande wa pili. Mpira hukauka hata usipoguswa, na tairi lililotundikwa nje ya duka juani hukauka haraka zaidi. Kwa anayetafuta ulaini, tairi la kati lililotengenezwa mwaka huu ni bora kuliko la kifahari lililokaa miaka minne. Kunja ubavu kwa mikono utafute mipasuko midogo kama nywele kwenye mikunjo, na ukiiona ondoka. Baada ya tairi kujazwa, vijibonde vyepesi vinavyopanda wima ubavuni visikutishe, ni pale tabaka zinapopandana. Uvimbe, hata mdogo, ni nyuzi zilizokatika.

Majina yana maana, lakini jina la kampuni husema machache kuliko jina la toleo. Michelin hutengeneza Primacy kwa utulivu na Pilot Sport kwa kasi. Bridgestone wana Turanza kwa safari, Potenza kwa kona na Ecopia kwa kuokoa mafuta. Huko kwao Japani wana Regno, toleo lililojengewa ukimya. Mtu anayesema "nimeweka Bridgestone na bado ni gumu" hajaniambia kitu mpaka ataje toleo na saizi. Ukikosa fedha za majina hayo, tairi la bei ya kati lenye saizi sahihi, tabaka sahihi na tarehe mpya litakupa sehemu kubwa ya unachokitafuta.

Kisha tairi zuri huharibiwa siku ya kufungwa. Simama pale fundi anapofanya kazi. Kwenye matairi mengi mapya kuna doa la njano, linaloonyesha upande mwepesi, na kawaida hulinganishwa na valvu. Baadhi yana doa jekundu, linaloonyesha pale tairi linaposukuma zaidi likizunguka, na hilo hulinganishwa na sehemu ya chini kabisa ya rimu ikiwa imewekewa alama. Tairi likishajazwa, angalia mstari mwembamba unaozunguka karibu na rimu: uwe na umbali sawa pande zote, la sivyo halijakaa. Kwenye mashine ya balansi litazame likizunguka. Likiruka juu na chini kwa macho, au likidai risasi nyingi za balansi, mwombe fundi atoe upepo na alizungushe nusu duara juu ya rimu kabla ya kuongeza uzito mwingine. Anayekataa kufanya hivyo hajali kazi yake.

Mwisho kabisa upepo, ambao haugharimu kitu na huharibu kila kitu. Vijana wa vituo vya mafuta hupenda kujaza psi 40 bila kuuliza, na tairi la kifahari likijazwa hivyo hugeuka jiwe. Stika ya Kijapani ikisema kPa 230, gawanya kwa 7 upate makadirio: psi 33. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwani joto likipanda nyuzi 5 au 6 upepo huongezeka karibu psi 1, na tairi lililotoka safarini litakupa namba isiyo ya kweli. Wala usishuke chini ya stika kutafuta ulaini zaidi. Ubavu unaojikunja kupita kiasi hupata moto, na moto huo ndio unaopasua matairi kwenye barabara ndefu. Gesi ya nitrojeni haitalainisha chochote. Hewa ya kawaida tayari ni nitrojeni kwa asilimia 78.

Usitoe hukumu siku ya kwanza. Tembea kilomita kama 100, rudi nati zikakazwe, kisha endelea siku kadhaa mpaka uso wa mpira uishe utelezi wa kiwandani. Halafu pita barabara ile ile uliyoizoea, kwa mwendo ule ule, madirisha yamefungwa na redio imezimwa. Ukihisi mtetemo kati ya 80 na 100 rudi kwenye balansi. Mvumo unaobadilika unapopinda kushoto au kulia huenda ni wa beringi. Na mtetemo unaokuja ukikanyaga breki tu si wa tairi. Hapo kaangalie diski.